Nonda alizaliwa hapa Bujumbura, lakini hadithi yake tunaisimulia nusu

Leo naandika juu ya mpira. Lakini kilichonisukuma kuandika ni dola 400.

Wiki mbili zimepita sasa, kijana mmoja wa timu yetu alinifuata jioni nyumbani. Ana miaka 17. Wanaomjua wanaujua ule mguu wake wa kushoto, sina haja ya kusema mengi. Akakaa juu ya dumu la maji, akatoa simu, akanisikilizisha vokali tatu za WhatsApp. Ni mtu anaongea Kifaransa kizuri, sauti ya taratibu, anajiita ajenti. Anasema ameona video, kuna timu Uturuki inamngoja, kazi imekwisha. Kimebaki kitu kidogo tu, pesa ya barua ya mwaliko na ya daktari.

"Yaya, banasema niko tayari. Mwezi ya kumi ntakuwa Turkiya. Bado tu franga."

Franga zenyewe ndizo hizo dola 400. Mama yake alikuwa ameshauza vitenge viwili, na alikuwa anataka kuomba zamu yake ya likelemba iletwe mbele ili aongezee. Sasa wewe unayesoma, fikiria. Hii ni familia iliyovuka Rusizi mwezi wa pili mwaka 2025 na mabegi mawili. Mwezi wa tatu mwaka huo posho ya chakula ya wakimbizi ilikatwa nusu. Halafu dola 400.

Nikamuuliza kama amewahi kumwona huyo mtu kwa macho. Hapana. Timu inaitwaje? "Itajulikana tukifika." Utasafiri na karatasi gani? Akanionyesha ile atestasio yake iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Nikacheka kidogo, nikijua nimekosea kucheka. Ndipo akanipiga na swali ambalo mpaka leo linanikaa kooni:

"Sasa Nonda je? Weye mwenyewe si njo ulisema Nonda alitokea hapa?"

Ni kweli. Ni mimi niliyesema. Tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, wageni wamekuja, mipira mipya sita imeletwa ndani ya neti, mimi ndiye niliyeshika megafoni. Nikapaza sauti: Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, ni Mkongomani kama nyinyi, na alifika fainali ya Ulaya, kwa hiyo hata wewe uliyesimama hapo utafika! Watoto wakapiga kelele, mgeni mmoja akapiga picha. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Basi hii makala ni deni ninalilipa. Nataka kuisimulia kazi ya Nonda yote, pamoja na sehemu ambazo hazipigiwi makofi, kwa sababu naona hadithi nusu inaweza kumaliza pesa za mama wa mtu.

Shabani Nonda alizaliwa hapa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa Dar es Salaam anavaa jezi ya Yanga, na mpaka leo wapenzi wa zamani wa Yanga ukiwatajia jina lake wanakuongezea "Papii". Mwaka 1995 akapita Afrika Kusini kwenye timu ya Vaal Professionals, na mwaka huo huo akafika Zürich, Uswisi. Hesabu vizuri. Ana miaka 18, na ameshapita Bujumbura, Dar, Afrika Kusini na Ulaya. Kila alipofika kulikuwa na timu iliyoandika jina lake kwenye vitabu vyake, mechi za ligi, watu wa kumhesabia magoli. Hakuna aliyemuona kwenye video ya sekunde 40.

Hapa tunapenda kuruka. Tunasema "alizaliwa Bujumbura", halafu hapo hapo tunasema "Monaco", kama vile kuna pirogi inatoka hapa Tanganyika inafika bahari ya Ufaransa. Katikati kuna miaka kama sita ya kucheza kila wiki kwenye ligi ambazo hakuna mtu wa kwetu anazitazama. Zürich peke yake alikaa miaka mitatu. Msimu wa 1997–98 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Uswisi, magoli 24. Nani kati yetu amewahi kuona hata goli moja kati ya hayo 24? Mimi sijaona. Lakini bila hayo, Rennes ya Ufaransa isingemchukua mwaka 1998, na bila Rennes, Monaco isingelipa pesa nyingi mwaka 2000 kuziba nafasi ya David Trezeguet aliyekuwa ameenda Juventus.

Pale Monaco alimkuta Marco Simone, Mwitaliano aliyekwisha kunyanyua makombe na AC Milan, mshambuliaji mzee mwenye ujanja wa sanduku. Namtaja kwa sababu kuna mzee wa kwetu, shabiki wa Milan mpaka damu, anapenda kusema kwamba Nonda alifundishwa kufunga na Waitaliano. Siyo kweli, mzee wangu. Alishakuwa mfungaji bora Uswisi kabla ya hapo. Lakini nakupa heshima yako.

Msimu wa 2002–03 ndio ule. Nonda alifunga magoli 26 kwenye ligi ya Ufaransa, akawa mfungaji bora wa nchi nzima, akampita Pauleta. Monaco ikachukua Kombe la Ligi kwa kuipiga Sochaux 4–1. Ubingwa wenyewe waliukosa kwa pointi moja tu, Lyon 68, Monaco 67. Mtoto wa Bujumbura, miaka 26, mfungaji bora Ufaransa. Kama hadithi ingeishia hapo, megafoni yangu ingekuwa na haki.

Mwezi wa nane mwaka 2003, msimu umeanza tu, goti likakatika.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye hadithi yetu hasa. Wengi wetu tunacheza kwenye viwanja vya mawe, na wengi wetu tuna goti. Langu la kulia liliharibika nikiwa na miaka 19, kule Uvira, kiwanja cha karibu na ziwa. Nilisikia kitu kimefanya "ta!", nikakaa chini. Nilipelekwa kwa mzee anayekanda, akanikanda na mafuta ya mawese ya moto kwa wiki tatu. Kule nilikopelekwa baadaye nikapewa vidonge vya maumivu na neno moja, "pumzika". Sikupata picha ya goti, sikupata mtu wa kunifundisha mazoezi. Leo nikishuka ngazi mnaniona ninavyoshika ukuta. Sikuwa Nonda, msifikiri najilinganisha. Nasema tu kwamba goti langu na lake yalipata ajali ya aina moja, na kilichofuata hakikufanana hata kidogo.

Yeye alikuwa na mkataba. Mtu mwenye mkataba akiumia, timu inamlipa, inamtafutia daktari wa kupasua, inamwekea mtu wa mazoezi kila asubuhi. Hata hivyo, na hayo yote, alipoteza karibu msimu mzima. Monaco haikumngoja. Ilimchukua Fernando Morientes kwa mkopo kutoka Real Madrid, na Morientes akafunga kila mahali, mpaka akawatoa hao hao Real Madrid kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kiti cha Nonda kikawa na mtu.

Tarehe 20 Aprili 2004, nusu fainali, Monaco na Chelsea. Nonda yuko benchi. Ni 1–1, na Monaco wako kumi uwanjani, Zikos amepewa kadi nyekundu. Morientes anafunga la pili dakika ya 78. Halafu Nonda anaingizwa, na muda mfupi tu baada ya kuingia, dakika ya 83, anafunga la tatu. 3–1. Hii video tafuteni, ipo. Mtazameni anavyofika kwenye ule mpira, mtu aliyekaa miezi na goti lililoshonwa. Mimi nimeitazama labda mara thelathini, na kila mara nalitazama goti.

Na ile fainali niliyoitangaza kwa megafoni? Ilichezwa Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 26 Mei 2004. Nonda alianza benchi. Aliingia dakika ya 64 timu ikiwa nyuma 1–0 mbele ya Porto ya Mourinho. Mchezo ukaisha 3–0. Basi. Alifika fainali, ndiyo, akacheza kama dakika ishirini na sita, na akapokea medali ya mshindwa. Mimi siku ya 20 Juni nilisema "alifika fainali" kama vile alilala na kombe.

Mwaka 2005 mkataba wa Monaco ukaisha, akaenda AS Roma bila timu kulipa ada ya uhamisho. Hapa watu wa Serie A wanapenda kumcheka. Eti Roma alifeli. Ni kweli Roma magoli yalikuwa machache. Majeruhi yalimfuata, na msimu ule Spalletti, alipokosa washambuliaji wazima, alimsogeza Francesco Totti mbele kabisa, acheze kama namba tisa asiye namba tisa. Roma ikaanza kushinda mechi mfululizo, ikafika kumi na moja. Sasa wewe ni mshambuliaji, unapona, unarudi mazoezini, unakuta kapteni wa timu, mtoto wa mji ule ule, anacheza nafasi yako na timu haishindwi. Utafanya nini? Totti ni Totti, na Roma ni kwake, alicheza pale tangu utoto mpaka alipoacha mpira mwaka 2017. Hakuna siku aliombwa karatasi ya kuonyesha kwamba ni wa pale. Wengine tunacheza tukiwa wageni, na mgeni anapewa muda mfupi wa kuonyesha kitu.

Nonda akaenda Blackburn ya Uingereza kwa mkopo msimu wa 2006–07. Halafu 2007 Galatasaray, na kule alikuwa bingwa wa Uturuki mwaka 2008. Aprili ya mwaka ule alifunga goli pekee kwenye mechi na Fenerbahçe, na kama unajua Istanbul, unajua goli la namna hiyo linamfanya mtu asilipe chakula kwa wiki nzima. Mwaka 2010, miaka 33, mwisho wa mpira.

Kwa hiyo huyu mtu baada ya goti aliishi na mpira miaka saba mingine. Hakuwa tena yule wa magoli 26. Alikuwa mtu wa benchi, mtu wa mkopo, mtu wa kuingia dakika ya 80. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake, na ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu anaitangaza kambini. Kumwambia mtoto "utakuwa mfungaji bora Ufaransa" ni rahisi, haina gharama. Kumwambia "kuna siku kitu kitakatika, na utatakiwa kukubali kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa, na bado uamke asubuhi", hilo linahitaji mtu akae naye.

Kuna wengine wanasema: sawa, Nonda ni wa zamani, tuambie wa kizazi chetu. Basi chukueni Saido Berahino. Alizaliwa Bujumbura 1993, mwaka ule ule vita vilipoanza. Baba yake aliuawa kwenye vita hivyo. Alifika Uingereza akiwa na miaka kama kumi, akaungana na mama yake Birmingham. Akalelewa na West Brom, msimu wa 2014–15 akafunga magoli 14 kwenye Ligi Kuu, na Novemba 2014 akaitwa timu ya taifa ya Uingereza, ingawa hakucheza. Baadaye akarudi kuichezea Burundi na akawa kwenye kikosi cha AFCON 2019 kule Misri. Huyu ndiye mkimbizi kweli kweli, na mnaweza kumtumia kwenye mabango. Lakini angalieni alipoanzia. Kabla ya goli la kwanza kulikuwa na karatasi. Nchi ilimpokea na mama yake, akaenda shule, akasajiliwa akiwa mtoto. Mguu wake ulikuwa mguu wa Bujumbura kama wa huyu wa kwetu. Kilichoubeba ni kadi.

Na karatasi inaweza kukufunga hata ukiwa umeshafika. Mohamed Tchité, naye mtoto wa Bujumbura, wa 1984, alicheza Rwanda, akaenda Ubelgiji, akawa bingwa na Anderlecht 2007, akahamia Racing Santander ya Hispania. Alipopata uraia wa Ubelgiji, FIFA ilimkatalia kuichezea timu ya taifa ya kule kwa sababu alikuwa amekwisha kuvaa jezi ya nchi nyingine. Mfungaji wa namna ile, nchi zinamgombania, na bado alibaki anatazama kwenye televisheni. Sisi tunaokaa kati ya Congo, Burundi na Rwanda tunajua hii hali bila kueleweshwa. Ukiulizwa wewe wa wapi, unavuta pumzi kwanza.

Sasa narudi kwa wale wa vokali.

Mdogo wangu, sikia, na wote mnaopokea meseji za namna hii. Timu inayokutaka kweli haikuombi pesa. Yenyewe ndiyo inatumia pesa kukupata. Ajenti wa kweli tangu 2023 lazima awe na leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao hata na simu ya tochi ya rafiki aliye na intaneti. Ukiwa chini ya miaka 18, uhamisho wa kwenda nchi nyingine umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Ndiyo, moja kati ya hizo sababu inahusu watoto waliokimbia nchi zao kwa ajili ya usalama wao. Lakini hiyo inakusaidia kusajiliwa pale ulipokimbilia, kwa mfano hapa hapa Burundi. Haimpi mtu ruhusa ya kukubeba kwenda Uturuki na vokali. Na kutoka nje ya Burundi mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria, ile ya mkataba wa 1951. Atestasio ya kukunja mara nne haikuvushi hata Kobero.

Najua mtanijibu nini. Kwamba mimi navunja watu moyo, kwamba goti langu lilikufa na sasa nataka na ndoto zenu zife. Mmoja alishaniambia hivyo usoni. Liliuma, siwezi kuficha, na labda kuna ukweli kidogo ndani yake. Nililala nalo usiku ule. Lakini asubuhi nilijiuliza nani anayevunja moyo zaidi, mimi ninayeuliza jina la timu, au yule atakayezima simu siku ya pili baada ya kupokea franga.

Kwenu mashirika nina maneno mafupi na siyaungi sukari. Mipira sita kwenye neti ni kitu kizuri, asanteni. Ya mwaka jana ilipasuka ndani ya miezi miwili, viwanja vyetu mnavijua. Lakini jambo ambalo lingebadilisha kitu ni jingine na halipigiki picha. Hapa Bujumbura kuna ligi, kuna timu za madaraja ya chini, kuna mechi kila wiki. Mtoto mkimbizi anacheza nao mazoezi miezi yote, na siku ya kusajili anaambiwa lete cheti cha kuzaliwa, anakaa nje. Hati yake iliungua Sange, au ilibaki Kamanyola, au haikuwahi kuandikwa. Kama mtu wenu wa sheria angekaa na shirikisho na watu wa ONPRA, wakatafuta namna ya kuwaandikisha hawa watoto kwa kutumia kile kifungu cha waliokimbia, huyo mtoto angekuwa na kadi ya ligi. Akiwa na kadi, atahesabiwa magoli. Akihesabiwa magoli, hata ajenti wa uongo hana la kumwambia, kwa sababu ameshakuwa na timu. Nonda alipita kwenye njia hiyo, mlango mmoja baada ya mwingine, hakuruka.

Na yule mtu wa magoti. Kwenye magari yote yanayokuja, na semina zote za "vijana na amani", tuleteeni siku moja mtu mmoja anayejua kufundisha mazoezi ya goti. Saa mbili zinatosha. Mimi nitatafuta vijana na nitafagia pahali.

Nilikuwa Rugombo mwezi wa pili, watu walipokuwa wanaingia kwa maelfu. Walilazwa ndani ya uwanja wa mpira, mnakumbuka. Kwenye mwamba wa goli zilining'inia nguo za watoto zilizolowa maji ya mto. Kati ya mahema mawili nilimwona kijana anapiga danadana na mpira wa mifuko iliyofungwa na kamba, mguu wa kushoto tu, kimya, hatazami mtu. Ndivyo nilivyomjua. Sikumwambia habari ya Nonda siku ile, nilimuuliza tu kama amekula. Natamani ningebaki kwenye swali hilo.

Mpaka naandika hapa, sijui kama ametuma. Nilipomuuliza juzi aliangalia chini, akasema "bado", lakini "bado" ya namna mbili. Mama yake nilimtembelea. Kitenge kimoja kimeshapata mwenyewe, kingine kiko kwa mama mmoja wa soko la Kinama ambaye sasa anataka faida juu yake. Kaka zangu wa kundi tumechanga kidogo, bado hatujafika.

Jumapili tuna mechi na vijana wa Buterere, saa tisa. Nimemwambia aje na ile simu. Baada ya mechi tutakaa, yeye, mama yake na mimi, tumpigie yule bwana kwa spika, na mimi nitamuuliza maswali mawili tu, jina la timu na namba ya leseni. Amekubali kuja. Amesema nimletee bendeji ya enka.